Nukta Mbili, Mkwaju

Faili mia moja arobaini na tatu, folda moja.
Ndivyo alivyoniachia Wamimbi
alipopanda ndege kwenda Doha
kulinda duka la manukato usiku.
Simlaumu. Ushirika ulimlipa kwa ahadi,
na shule haipokei ahadi.

Nimekaa ghorofani, Mbale, barabara ya Naboa.
Chini yangu wanakata mabati;
kila msumeno ukilia, kompyuta inatetemeka mezani
nami nasoma majina kwa sauti, kama mwalimu wa zamu:
mpya,
mpya-mbili,
mpya-ya-kweli,
mwisho,
mwisho-kabisa,
mwisho-kabisa-naapa,
zote nukta js, zote hazikuapa kitu.
Na moja imejikalia pembeni: usifute.

Nikafungua folda ya kurasa. Folda ya vipande.
Folda ya picha, maana buni mbivu za Bulucheke
zilikuwa zimelala kitanda kimoja na nembo, na risiti,
na harusi ya mtu nisiyemjua.
Ile nzito ya vifurushi sikuigusa:
faili elfu thelathini za watu wa mbali,
hakuna azisomaye, sote tunaziamini.

Ukihamisha faili, jamaa zake hupotea.
Aliyemwita jirani kwa nukta moja na mkwaju
sasa hana budi kupanda: nukta mbili, mkwaju,
nukta mbili, mkwaju,
kama Namataka apandavyo na gunia toka mtoni hadi kituoni,
akitua kila kona, akihesabu kona.
Ukikosea moja, ukurasa mweupe.
Nikakosea. Mweupe.
Nikahesabu upya kwa kidole. Mweupe.

Saa nane nikala chapati ya mayai,
mafuta yakabaki kwenye herufi K.
Nikaitazama usifute.
Mistari mitatu, bila maelezo.
Nani huipa faili amri badala ya jina?
Nikaifuta.

Tovuti haikuanguka. Hilo ndilo lililonitisha baadaye.
Kurasa zilifunguka, buni zikang'aa, risiti zikatoka,
ila kilo kumi na saba na robo tatu za Namataka,
ambazo juzi zilisomeka kumi na nane,
zilisomeka kumi na saba.
Nikashuka na orodha, mkulima kwa mkulima:
nusu, robo, robo tatu,
zinadondoka kimya
kama punje kwenye ufa wa sakafu.

Nikampigia. Alikuwa usingizini, mlinzi wa usiku.
"Nambozo," akasema, "umeifuta, sivyo?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Meneja aliagiza nikate desimali. Nikakata.
Kisha nikaandika ile."
Mbona hukuipa jina?
"Ningeiita nini, naye amesimama nyuma ya kiti?"
Akauliza kama mvua imeshika huko mlimani.
Nikasema imeshika. Salio likaisha.

Nikairudisha.
Sasa niiweke wapi?
Si ukurasa. Si kipande. Si mtindo.
Kwenye visaidizi, kati ya kinachopanga tarehe
na kinachofuta nafasi mwishoni mwa majina?
Nilifungua folda nikaiita kanuni,
nikaifunga: hakuna kikao kilichoipitisha.
Nikaiita makosa. Nikaona haya. Nikaifuta.

Jioni meneja alipanda ngazi, akasimama nyuma ya kiti.
"Pamependeza," akasema. "Kila kitu na chumba chake."
Akanyoosha kidole pale nje ya folda zote.
"Na hiyo?"
Nikamwambia inahusu mizani.
Akaitikia kwa kichwa, akaangalia saa.

Alipotoka nikaifungua.
Juu ya ile mistari mitatu nikaongeza wa nne,
mikwaju miwili mbele yake ili mashine iuruke
na mtu ausome:

ukitaka kuifuta, muulize kwanza Nambozo.

Nikaandika na namba ya simu.
Nikahifadhi.